Afro 70 ya Balisidya: bado tuna bendi, au tumebakiwa na wimbo mmoja wa harusi?

#1 Mtemi wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Naweka hoja, mnipige mawe baadaye. Hapa Dodoma kila mjadala wa muziki wa zamani ukianza, lazima mtu amtaje Patrick Balisidya kifua mbele: mtu wa Mvumi, mwenzetu, Afro 70, mtindo wa Afrosa. Sawa. Mwombe huyohuyo akutajie nyimbo nne za Afro 70. Ya kwanza ni Harusi. Ya pili anaanza kukuna kichwa. Muulize nani alikuwa kwenye besi, anahamia Sikinde, yaani Mlimani Park.

Msondo wana mashabiki, yaani watu wanaojua nani alihama lini na nani alirithi nafasi ya nani, na wako tayari kugombana kwa hilo. Mbaraka Mwinshehe anao. Afro 70 naona ina wageni waalikwa tu: wimbo unapigwa, watu wanaserebuka, keki inakatwa, imeisha hiyo. Kwa maoni yangu bendi ilishakufa na wimbo ndio uko hai, na hivyo ni vitu viwili. Mwenye hoja tofauti aje, ila aje na kitu cha kushika, sio "enzi hizo muziki ulikuwa muziki".

#2 Binti Makole

Ulianza vizuri ukaharibu mwisho. Wimbo unapigwa kila Jumamosi kumbi zote kuanzia Kisasa mpaka Kizota, miaka zaidi ya arobaini tangu urekodiwe. Unataka uhai gani mwingine? Bendi za leo zitapata hata robo ya hapo?

#3 kiti_cha_mbele

Naweka kiti hapa.

#4 Mzee wa Kaseti

Mleta uzi unapima mapenzi kabla hujapima upatikanaji. Shabiki wa Msondo anajua nyimbo nyingi kwa sababu anazipata nyingi. Bendi ile jina limebadilika tangu 1964, NUTA, JUWATA, OTTU, Msondo Ngoma, lakini jukwaa halikufungwa, na bendi iliyo jukwaani inakukumbusha nyimbo zake za zamani kila wiki. Afro 70 ilikuwa Balisidya. Alipofariki Agosti 2004 hakuna aliyebaki na jukwaa la jina hilo.

Halafu angalia rekodi zenyewe. Santuri nyingi za bendi zetu za miaka ya 70 ni zile ndogo za mizunguko 45, na kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, zilichapwa Nairobi. Upande mmoja unabeba dakika tatu hadi nne na ushee kabla sauti haijaanza kupungua nguvu. Wimbo wa dansi hautoshi humo. Unaanza taratibu, mashairi, kibwagizo, ndipo magitaa yanaachiwa. Dawa ikawa kuukata: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Sasa mtu aliyekuja kunakili kwenye kaseti miaka ya 80 akachukua upande A peke yake, na kaseti hiyo ndiyo iliyozaa faili linalozunguka leo. Unakuta watu wanaijua bendi kwa nusu ya kuimba. Nusu ya ufundi, ambako mpiga solo na mpiga ridhimu wanajibizana, hawajawahi kuisikia.

Njia nyingine ilikuwa studio ya RTD, yaani Radio Tanzania. Pale bendi nzima inaingia pamoja, inapiga wimbo wote mfululizo, ukikosea mnarudia toka mwanzo. Huko wimbo ulibaki na urefu wake. Lakini mikanda ile ni mali ya kituo, haikuwa bidhaa ya dukani. Kwa hiyo sio kwamba mashabiki hawapo. Hawajapewa cha kushabikia.

#5 DJ Nzuguni

Kabla hamjafika mbali, naomba kusema kitu kuhusu hilo faili la Harusi, maana linatuaibisha ukumbini na watu wanadhani ni DJ.

Matoleo mengi ya wimbo huu yanayozunguka ni mono iliyogeuzwa kuwa stereo kwa ujanja. Mtu amechukua mkondo mmoja, akaunakili mara mbili, na ule wa pili akaugeuza kichwa chini ili usikike "mpana" kwenye hedfoni. Hedfoni haitakuambia kitu. Kumbi zetu nyingi spika zimefungwa mono, kushoto na kulia vinajumlishwa kwenye miksa. Ukijumlisha kitu na kinyume chake unapata sifuri. Sauti ya mwimbaji inapotea, besi inapotea, linabaki vumbi la pembeni na maharusi wamesimama mlangoni.

Kupima ni rahisi. Cheza faili kwenye simu yenye spika moja. Mwimbaji akisikika kama yuko ndani ya ndoo au hasikiki kabisa, faili ni bovu. Tiba: fungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha mikondo miwili, futa mmoja, ubaki na mono safi. Usijaribu kuongeza besi kwenye miksa, huwezi kuongeza kitu ambacho hakipo.

#6 Mzee wa Kaseti

DJ #5, nyongeza kidogo. Hiyo ya kufuta mkondo mmoja ni sahihi kwa faili lililogeuzwa. Kwa anayenakili mwenyewe kutoka santuri ya mono, afanye kinyume: ajumlishe mikondo yote miwili. Muziki kwenye santuri ya mono umechongwa kwa sindano kwenda kushoto na kulia. Uchafu na mikwaruzo mingi inairusha sindano juu na chini. Ukijumlisha, muziki unaimarika na sehemu kubwa ya ile miguno ya juu-chini inafutana. Isipokuwa kama ukuta mmoja wa mfereji umeliwa sana na sindano butu, hapo chagua mkondo ulio hai, mwingine achana nao.

#7 Kamarada wa Chang'ombe

Mnazungumzia waya tu. Bendi iliyokwenda mpaka Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kuiwakilisha nchi leo inajadiliwa kwa mikondo ya spika. Hii ndiyo sababu hatuendelei.

#8 Binti Makole

Kaka, Osaka 1970 ilikwenda Morogoro Jazz, na Mbaraka akiwemo. Afro 70 waliiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, Lagos, kuanzia Januari hadi Februari 1977. Ile "70" kwenye jina isikuchanganye.

#9 Kamarada wa Chang'ombe

Lagos, Osaka, hoja yangu iko palepale: kuwakilisha nchi sio jambo dogo. Na nitawaambia kwa nini bendi ilipotea. Umiliki. Miaka ile bendi ilikuwa na baba: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Urafiki ya kiwanda, Mwenge ya jeshi, baadaye Bima Lee ya shirika la bima. Mwanamuziki analipwa mshahara, vyombo vinanunuliwa na taasisi, gitaa likifa kuna mtu wa kuandika barua. Bendi ya mtu binafsi uzi wa gitaa ukikatika ni juu yake, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 fedha za kigeni zilikuwa shida, vita vya Kagera vikaongeza. Amplifaya ikiungua transfoma, vipuri unavitoa wapi?

#10 Sululu

Kamarada, hilo linaelezea nusu. Maquis ilikuwa ya binafsi, ikadumu na vyombo vizuri kuliko hizo za mashirika. Safari Trippers na Dar International za Marijani Rajabu hazikuwa za serikali, na Marijani ana mashabiki mpaka kesho. Na hizo zenye baba, mbona Urafiki na Bima Lee leo hazina hata wimbo mmoja wa harusi? Mageuzi yalipokuja miaka ya 90 baba alifariki, watoto wakatawanyika. Umiliki wa taasisi ulilipa mishahara, haukununua kumbukumbu.

Mimi naangalia mpaka. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Mzee wa Kaseti #4 ameshasema santuri zilichapwa Nairobi. Sasa linganisha tarehe: Afro 70 wako Lagos, jina liko juu kuliko wakati wowote, na mwezi huohuo mlango wa kiwanda cha santuri unafungwa. Ukirudi nyumbani na sifa, bidhaa huna.

#11 Mtemi wa Nkuhungu

#10 hiyo nimeipenda, lakini haisimami peke yake. Mlimani Park imezaliwa 1978, mpaka umefungwa kabisa, na hicho ndicho kipindi ilichotamba. Walitumia RTD na kumbi. Na wanamuziki waliendelea kuvuka, Mbaraka alipofariki kwa ajali Januari 1979 alikuwa hukohuko Kenya, upande wa Mombasa. Kama mpaka ndio uliua, mbona haukuua wengine?

#12 Sululu

Kwa sababu Sikinde ilikuwa na RTD, ukumbi wake, na baada ya 1983 DDC, shirika la maendeleo la Dar, nyuma yake. Mpaka uliwaumiza wasio na hivyo. Sijasema sababu ni moja.

#13 Zeze la Mvumi

Wakubwa, mmezunguka Nairobi, Lagos na Osaka, hakuna aliyegusa kwa nini mtu wa huku kwetu anaisikia Afro 70 tofauti na anavyoisikia Msondo. Jibu liko kwenye sauti zilizopangwa.

Cigogo kinaimbwa kwa ngazi inayotokana na sauti za asili za uzi mmoja, zile unazozipata ukipiga ndono, ule upinde wa uzi mmoja. Ilimba, marimba ya vidole gumba, nayo inafuata hukohuko. Kwenye ngazi hiyo kuna sauti mbili ambazo kinanda hakina. Ukihesabu hizo sauti za asili kuanzia ya chini kabisa, ile ya tano iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 14 hivi, ukichukua nusu toni kuwa senti 100, na sikio la kawaida litaisamehe. Ile ya saba iko chini kwa senti 31. Hiyo haisameheki, ukiigonga pamoja na kinanda zinapigana. Ndiyo maana mtu akileta ilimba studio na kumwambia mpiga kinanda "tufuate", baada ya dakika kumi wanagombana.

Bendi ya magitaa haiwezi kupiga ngazi hiyo kamili, mapande ya chuma shingoni yamekataza. Lakini waimbaji hawana mapande. Mtu aliyekulia kati ya muheme wa akina mama na kwaya ya kanisa la Kianglikana ana masikio mawili, na akipanga sauti tatu za kibwagizo utasikia sauti ya kati inavyoshuka kidogo kabla ya kutua. Mhehe au Mzaramo ataona ni utamu tu. Mgogo anaona nyumbani. Hiyo kwangu ndiyo maana ya bendi kuwa na mashabiki bado, hata kama hawajui jina la mpiga besi.

#14 Pande la Tano

Zeze, hapo kwa waimbaji nakubali, kwa magitaa umekata tamaa mapema. Hiyo sauti ya saba inapigika. Kosa la wengi ni kubonyeza noti yenyewe na kujaribu kuishusha. Kuvuta uzi kunapandisha, hakushushi. Rudi pande moja nyuma, yaani nusu toni chini, halafu vuta uzi upande kama theluthi mbili ya njia. Unatua senti 69 juu ya ulipoanza, ambako ndiko senti 31 chini ya noti ya kawaida. Tumia nyuzi nyembamba, seti inayoanza na 9, au 10 kwa mwenye vidole vigumu. Ukiwa na 11 utachoka kabla ya wimbo kuisha. Saksafoni ni rahisi zaidi, mpigaji analegeza mdomo kidogo tu. Wa kumwonea huruma ni mpiga kinanda, hasa ogani za zamani zisizo na gurudumu la kupinda sauti.

Ila kusema kwamba Balisidya alifanya hivyo kwa makusudi, hapo unahitaji rekodi safi. Nasikia kitu kinashuka, kweli. Lakini kwa rekodi hizi tulizo nazo huwezi kujua kama ni Cigogo au ni mkanda wa kaseti uliolegea.

#15 kiti_cha_mbele

Tumefika kwenye senti. Nimesahau kabisa swali lilikuwa nini, lakini sitoki.

#16 Mzee wa Kaseti

Pande la Tano kagusa penyewe. Kabla ya kujenga nadharia juu ya faili, hakikisha kasi yake.

Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki likizeeka mpira wa kuzungushia unatanuka, mkanda unakwenda polepole. Ukirekodia kwenye deki linalokwenda polepole na kuchezea kwenye deki zima, wimbo unapanda. Kosa la asilimia 3 ni nusu ya nusu toni, asilimia 6 ni nusu toni nzima. Ndio maana ukichukua gitaa lililosawazishwa kwa kipimo cha simu na kutaka kufuatisha wimbo, unakuta uko katikati ya E na F, hupati pa kushika.

Kuna alama ya kupimia. Umeme wetu ni hezi 50, na amplifaya za zamani zinavuja mguno wake kwenye rekodi. Tafuta sekunde mbili au tatu za ukimya kabla ya gitaa kuanza au baada ya wimbo kuzima. Ziteue kwenye Audacity, angalia mchoro wa masafa (Plot Spectrum) ukiwa umeweka ukubwa (Size) 65536. Usiangalie 50, iko karibu mno na kelele za chini. Angalia 150, ambayo ni mguno huohuo mara tatu, tofauti inaonekana vizuri. Ukiikuta iko 154.5, faili linakwenda kasi kwa asilimia 3, lirudishe kwa kiasi hicho. Na urudishe kwa ile kazi inayobadili kasi na sauti kwa pamoja. Ile inayobadili sauti peke yake inaacha mapigo ya dramu yamekosea na inaleta mlio wa bati.

Kabla ya hayo yote, hedi. Isafishe kwa kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, sio ya kienyeji yenye maji na rangi. Halafu pembe ya hedi: pembeni yake kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka mono, geuza skrubu robo mzunguko au chini ya hapo huku unasikiliza matoazi, simama pale yanapong'aa zaidi. Watu wengi wanaruka hatua hii kisha wanaongeza trebo kwenye kompyuta, wanachopata ni mchuzi wa kelele.

#17 Umeme Mdogo

Mzee shikamoo. Somo zuri, ila mguno wa hezi 50 una mtego. Kaseti inayonakiliwa mara tatu inabeba miguno mitatu: ya studio, ya deki la kwanza lililonakili, na ya deki la mwisho. Ule wa mwisho utaonekana 50 kamili hata kama muziki umekosea asilimia 5, kwa sababu umeingia baada ya kosa. Ukikuta mistari miwili karibu na 150, mmoja kwenye 150 na mwingine kwenye 156, ule uliopotoka ndio wa zamani. Ukikuta mmoja tu, na uko 150 barabara, usishangilie. Na gridi yenyewe miaka ile haikuwa imetulia kama saa ya ukutani, kupotea hezi moja lilikuwa jambo la kawaida, hasa kama ukumbi uko kwenye jenereta.

#18 Pande la Tano

Na msisahau bendi zenyewe. Kipimo cha simu hakikuwepo. Mnasawazisha kwa kinanda kama kipo, kama hakipo kwa tarumbeta, na tarumbeta ikiwa baridi iko chini, ikipata moto inapanda. Kwa hiyo hiyo "katikati ya E na F" inaweza kuwa ndiyo sauti halisi ya siku hiyo. Ukiisahihisha umeiharibu.

#19 Mzee wa Kaseti

Ndio maana unaangalia vyote viwili, mguno na magitaa. Vikikubaliana, sahihisha. Visipokubaliana, acha ilivyo na uandike pembeni ulichokiona.

#20 Mtemi wa Nkuhungu

Naona jambo linalonichekesha. Nilisema bendi haina mashabiki wanaogombana, sasa mnagombana hezi nne na nusu. Lakini bado: ni watu wanne humu. Ukumbini hakuna anayejua mguno.

#21 Binti Makole

Shabiki hatambuliwi kwa kupima hezi, mkuu. Hiyo ni dharau ya wanaume wenye hedfoni. Kamati ya harusi ikiorodhesha nyimbo, za kuingilia zinabadilika kila mwaka, za keki zinabadilika. Harusi ya Afro 70 haiondolewi, na anayegoma isiondolewe sio fundi wa kaseti. Ni mama wa bwana harusi, ni shangazi. Wao ndio wenye bendi.

#22 DJ Nzuguni

Kweli, ila shangazi anapewa dakika moja na nusu. MC ananyoosha kidole, nashusha. Magitaa hayajaachiwa bado. Kama mnataka watu waijue bendi, acheni kuitumia kwenye kuingia. Iwekwe baada ya zawadi, watu wakiwa wamekula, hapo naweza kuiacha iende mpaka mwisho bila mtu kuangalia saa.

#23 Afrosa Damu

Natokea kwenye vivuli. Mnaisahau ile albamu na Waswidi. Mwishoni mwa miaka ya 70 Balisidya na Afro 70 walirekodi na kikundi cha Archimedes cha Sweden, ikaitwa Bado Kijana. Hao Waswidi walitoka kwenye mkondo wa roki ya majaribio, sio dansi. Kwangu hiyo ndiyo Afro 70 ya kujadili, kwa sababu inaonyesha bendi ilikuwa inaelekea wapi: dramu mbele, besi inatembea. Anayeifahamu Harusi peke yake haifahamu bendi, Mtemi yuko sahihi hapo. Lakini wakusanyaji wa santuri wa Ulaya wanaitafuta. Kwa hiyo ina mashabiki, tatizo hawako Dodoma.

Nadharia yangu, na ni nadharia tu: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar. Vijana waliokuwa wanapiga vitu vya James Brown ikabidi watafute njia ya kupiga ukali uleule ukiwa na jina la Kiafrika. Bendi inayozaliwa baada ya hapo na kujiita "Afro" sio bahati mbaya.

#24 Sululu

Nadharia tamu, ila kumbuka alipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya Afro 70. Hilo ni chimbuko la dansi kabisa, sio la vikundi vya soul vya vijana wa shule. Na neno "Afro" miaka ile lilikuwa kila mahali, mpaka kwenye nywele.

#25 Afrosa Damu

Chimbuko halizuii mtu kusikiliza redio.

#26 Kamarada wa Chang'ombe

Wakusanyaji wa Ulaya wakiwa ndio mashabiki, basi tumekwisha. Bendi zetu za Dodoma zipige nyimbo hizi. Mtu mwenyewe alishafariki zaidi ya miaka 20, nyimbo ni za umma, nani atawazuia?

#27 Wakili wa Kikuyu

Kamarada, taratibu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Aliyefariki 2004, hesabu inakupeleka 2054. Mpaka hapo wimbo ni wa warithi. Kuupiga jukwaani kunaingia kwenye leseni ya maonyesho, na kwa kawaida mwenye ukumbi ndiye anayepaswa kuilipa. Kuurekodi upya na kuuweka mtandaoni ni jambo jingine, hapo unahitaji ruhusa ya warithi kwa maandishi. Na haki ya rekodi ya zamani yenyewe, ule mkanda au santuri, iko tofauti na haki ya utunzi. Mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine. Ndio maana kutoa upya kazi za miaka ile kunakwama: warithi wako tayari, mkanda uko kwingine.

#28 Pande la Tano

Kwa bendi zinazotaka kuupiga jukwaani kihalali, msiharibu. Bendi nyingi za hotelini hapa mjini ni watu wanne au watano: kinanda, gitaa moja, besi, dramu, mwimbaji. Muziki ule umepangwa kwa magitaa mawili au matatu yanayofumana. Gitaa moja likijaribu kubeba yote linabaki linagonga kodi (chords) kama kwaya ya uamsho.

Gitaa lichukue solo, basi. Ridhimu mpeni kinanda mkono wa kulia, lakini sauti iwe kavu na fupi, ogani au gitaa safi, na asikanyage pedali ya kurefusha. Akikanyaga tu mfumo unakufa, kwa sababu utamu wote uko kwenye nafasi kati ya noti. Mkiwa na gitaa la pili, lifungwe kapo, kile kibanio cha shingoni, pande la tano au la saba na lipige umbo jingine la kodi ileile, lilie juu ya la kwanza. Mlio wa kukwaruza uzimwe kabisa. Ekoo kidogo, irudi mara moja tu. Pikapu (kinasa mlio cha gitaa) iwe ya nyuma, karibu na daraja. Besi isijaze, iruke pigo la kwanza pale inapotegemewa. Kinachoharibika mara nyingi ni kasi: vijana wanauanza kwa kasi ya sehemu ya pili, kwa hiyo ikifika kweli sehemu ya pili hakuna pa kupanda.

#29 Zeze la Mvumi

Na waimbaji wawe watatu. Wawili hawatoshi, ile sauti ya kati ndiyo yenyewe.

#30 Binti Makole

Mtemi kanyamaza.

#31 Mtemi wa Nkuhungu

Nipo nasoma. Msimamo haujabadilika: mmeniletea sababu za kwa nini bendi haisikiki, umiliki, mpaka, upande B, mikanda, sheria. Hakuna aliyenionyesha mtu wa miaka 25 anayeisikiliza bila kadi ya mwaliko mfukoni.

#32 Umeme Mdogo

Nina 24. Na simo kwenye kamati yoyote.

#33 DJ Nzuguni

😂😂 Mtemi chukua hiyo.

#34 kiti_cha_mbele

Swali la pembeni kwa mafundi. Kuna santuri za mizunguko 45 nyumbani kwa wazee, zimekaa kabatini bila mifuko, vumbi la Dodoma mnalijua. Zinaoshwa na nini kabla ya kugusa sindano?

#35 Mzee wa Kaseti

Kwanza usizifute kavu. Vumbi letu lina mchanga, ukifuta kavu unachonga. Puliza au tumia brashi laini sana kufuata mfereji, usikate mfereji. Kisha maji yaliyochemshwa hayatoshi, yana chumvi. Tumia yale maji safi ya betri yasiyo na tindikali, lita moja, na matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Kitambaa laini, zungusha kufuata mfereji, karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, simamisha kwenye rafu ya sahani kivulini. Jua la saa nane likiipata inapinda na haitanyooka tena.

Santuri nzito za mizunguko 78 usizitie spiriti kamwe, inayeyusha. Na zile 45 tundu lake ni kubwa, tafuta kipande cha plastiki cha katikati. Ukikisia kwa macho santuri inayumba na sauti inapanda na kushuka kila mzunguko. Uzito wa sindano fuata wa mtengenezaji, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 3. Kuweka sarafu juu ya kichwa ili isiruke ndiyo iliyoua nyingi ya hizo. Rekodi biti 24, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya mwisho, na upande B usiuache.

#36 kiti_cha_mbele

Ahsante mzee. Ipo moja imeandikwa Afro 70, karatasi imechanika siwezi kusoma jina la wimbo.

#37 Afrosa Damu

Weka picha ya namba iliyochongwa kwenye eneo laini karibu na karatasi. Haraka.